Mantiki na Kompyuta: Somo Kutoka Mlango wa Mirathi

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya wa kompyuta huniuliza swali lile lile. Wamekuja na hamu ya kuandika programu za simu, mara wanakutana na somo la mantiki: majedwali ya kweli na uongo, viungo vya NA, AU na SI, na kauli za "ikiwa… basi". "Kaka, haya yatatusaidia nini?" Wengi hulikariri somo hilo ili wapite mtihani, na wakishapita hulisahau. Wahariri wameniomba nilijibu swali hilo hapa. Nimeona nisilijibu kwa maneno ya jumla, bali nichukue mfano mmoja tunaoujua sisi Waislamu, yaani mlango wa mirathi, na tuufuate hatua kwa hatua.

Mfano huu sikuulazimisha. Mirathi na hesabu za kompyuta zina udugu wa siku nyingi. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Maamun (aliyetawala 813 hadi 833), aliandika kitabu cha al-jabr kilichoipa aljebra jina lake. Watu hukitaja kana kwamba ni kitabu cha milinganyo peke yake, lakini sehemu kubwa ya kitabu kile ni masuala ya wasia na mirathi: fulani amekufa, ameacha hawa na hawa, nani apate nini. Na jina la mwandishi mwenyewe, lilipopitia katika Kilatini, ndilo lililozaa neno algoriti.

Fungu la mama

Tuchukue hukumu moja tu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, mama wa marehemu amewekewa theluthi au sudusi. Kwa kauli ya jamhuri ya wanavyuoni, hupata theluthi yakitimia masharti mawili kwa pamoja: marehemu hana mtoto wala mjukuu kwa mwanawe wa kiume, NA hana ndugu wawili au zaidi. Yasipotimia, hupata sudusi.

Niliwapa wanafunzi wa darasa la mazoezi hukumu hii waiandikie programu. Mmoja wao, kijana mwenye bidii, aliandika maelekezo ambayo kwa lugha ya kawaida yanasomeka hivi:

Ikiwa marehemu hana mtoto NA hana ndugu wawili, mpe mama 1/3.
Ikiwa marehemu ana mtoto NA ana ndugu wawili, mpe mama 1/6.

Yasome tena polepole. Masikioni yanaingia vizuri kabisa. Kijana alitaka kuandika kinyume cha sharti la kwanza, akageuza kila "hana" kuwa "ana", na NA akaiacha mahali pake. Kisha akaijaribu programu yake kwa familia mbili: moja ya marehemu asiye na mtoto wala ndugu, nyingine ya marehemu mwenye watoto na ndugu wengi. Majibu yote mawili yalikuwa sahihi. Akafunga kompyuta, akaenda kuswali Adhuhuri na moyo mkunjufu.

Sasa chora lile jedwali mnalolichoka. Kuna kauli mbili, "ana mtoto" na "ana ndugu wawili". Kila moja yaweza kuwa kweli au uongo, basi hali ni nne. Katika hali moja, isiyo na mtoto wala ndugu, mama ana theluthi. Katika tatu zilizobaki ana sudusi. Sharti la pili la kijana linashika moja tu kati ya hizo tatu. Mbili zimeachwa bila jibu: marehemu mwenye mtoto asiye na ndugu, na marehemu mwenye ndugu asiye na mtoto. Na hizi si hali za ajabu, ndizo tunazokutana nazo mitaani kila siku.

Kanuni yenyewe inaitwa ya De Morgan, kwa jina la mwanahesabu Mwingereza wa karne ya 19, ingawa watu wa mantiki waliijua kabla yake. Ukiikanusha NA, inageuka AU. Kinyume cha "hana mtoto NA hana ndugu wawili" ni "ana mtoto AU ana ndugu wawili", na AU hii inawakusanya pia wenye vyote viwili. Ni mstari mmoja katika daftari la mwaka wa kwanza. Tazameni uzito wake. Mtu amefariki, ameacha mama yake na watoto wawili wa kiume, ndugu hana. Mali ni faranga 12,000,000. Mama ana sudusi, yaani 2,000,000, na watoto wanagawana 10,000,000 zilizobaki, kila mmoja 5,000,000. Programu ya kijana ilimpa mama sifuri na kila mtoto 6,000,000. Haikusimama, wala haikuandika onyo lolote. Bibi kizee angetoka mikono mitupu, na wajukuu wake wangekula haki yake bila kujua, kwa sababu kompyuta imesema.

Mtaniambia: si angeandika tu "vinginevyo, mpe sudusi"? Ndiyo, na hapa ingemwokoa. Lakini neno "vinginevyo" lina hatari yake. Linazoa kila hali iliyobaki, zikiwemo zile ambazo mwandishi hakuziwaza kamwe. Na upande wa theluthi wenyewe hauko salama. Mwanamke amefariki akaacha mume, mama na baba, bila mtoto wala ndugu. Masharti yetu mawili yametimia, basi programu itampa mama theluthi ya mali yote. Ilhali kwa hukumu inayonasibishwa na Sayyidna Umar (Radhi za Allah ziwe juu yake), iliyofuatwa na jamhuri, mama hupata theluthi ya kinachobaki baada ya fungu la mume: mume 1/2, mama 1/6, baba 1/3. Hii na mwenzake, pale anapobaki mke badala ya mume, huitwa Umariyyatain. Kauli iliyoanza na "kila" huangushwa na mfano mmoja tu unaoikataa. Anayesema programu yake ni sahihi kwa kila familia, humhitaji umletee familia mia.

Jumla ikitimia

Baada ya mjadala huo, mwanafunzi mwingine alitoa shauri zuri: mwisho wa programu tukague kama mafungu yote yakijumlishwa yanarudi kuwa mali nzima. Shauri hili nililipenda. Watafiti wa kompyuta hufanya hivyo hivyo: hutafuta jambo ambalo lazima liwe kweli kila programu ifikapo mahali fulani, wakalishika kama kigingi.

Lakini turudi kwa bibi kizee. Sifuri, na 6,000,000, na 6,000,000. Jumla ni 12,000,000 kamili. Kigingi hakikutikisika, na mgao ni batili!

Wanaosoma usulul-fiqh wataelewa haraka. Tunafundishwa kwamba sharti ni kile ambacho kikikosekana, kinachotegemea juu yake hukosekana, lakini kikiwepo hakilazimishi hicho kingine kiwepo. Twahara ni sharti la swala. Asiye na udhu hana swala. Je, kila mwenye udhu ameshaswali? Hapana, wengine wametawadha na wanapiga soga nje ya msikiti. Basi vivyo hivyo, "ikiwa mgao ni sahihi, jumla inatimia" ni kweli. Kuigeuza ikawa "ikiwa jumla imetimia, mgao ni sahihi" ni kauli nyingine kabisa, na ni ya uongo. Jumla isipotimia una hakika kuna kosa. Ikitimia, bado hujajua kitu.

Nimelikaza jambo hili kwa sababu ndilo ninalolikuta zaidi katika tasnifu za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mtu anaandika: kama njia yangu ni bora, matokeo yatakuwa mazuri, matokeo yamekuwa mazuri, kwa hiyo njia yangu ni bora. Huku ni kuigeuza kauli. Huenda matokeo yamependeza kwa sababu data ilikuwa nyepesi, au kwa sababu data ya kupimia ilichanganyika na ile ya kufundishia mfumo. Kilicho imara ni upande wa pili: nadharia ilisema matokeo yatakuwa hivi, hayakuwa hivyo, basi nadharia hiyo kama ilivyo imeanguka. Mtafiti mwenye mantiki huitafutia hoja yake jaribio linaloweza kuiangusha, na ikisalimika ndipo anapoandika. Majaribio ambayo hoja isingeweza kushindwa hata kidogo hayana thamani, hata yakijaza kurasa 20 za majedwali.

Niongeze jambo dogo nje ya mada, kwa faida ya wanaoandika programu za namna hii. Msitumie namba zenye nukta. Kompyuta haiwezi kuihifadhi theluthi kwa ukamilifu, na hata 0.1 haiwezi, katika lugha nyingi za programu 0.1 ukijumlisha na 0.2 utapata 0.30000000000000004. Wanavyuoni wa faraidh walishaliepuka tatizo hili kwa kutumia namba nzima tu: wanatafuta asili ya suala, kama 6, 12 au 24, na kila mrithi anahesabiwa sehemu zake humo. Fuateni njia yao.

Kujaribu na kuthibitisha

Kwa hesabu ya kina, vitabu vya faraidh hutaja warithi 15 wa kiume na 10 wa kike. Ukiuliza tu nani yupo na nani hayupo, bila hata idadi yao, una hali 33,554,432. Ondoa zisizowezekana, kama mume na mke wa marehemu mmoja kuwepo pamoja, bado ni mamilioni. Kijana wetu alijaribu mbili.

Hapa ndipo njia za kujaribu na kuthibitisha zinapoachana. Kujaribu ni kuonyesha kwamba kwa familia hii na ile programu imejibu sawa. Kuthibitisha ni kuonyesha, kwa hoja, kwamba haiwezekani ijibu vibaya kwa familia yoyote inayotimiza masharti uliyoyataja. Mwaka 1969 Tony Hoare wa Uingereza alitoa makala iliyoonyesha namna ya kuifanyia programu hoja kama inavyofanyiwa nadharia ya hesabu: kabla ya hatua hii jambo hili ni kweli, baada yake jambo lile ni kweli. Kazi nyingi za uthibitishaji wa programu leo zimejengwa juu ya msingi huo.

Faida yake si ya vitabuni tu. Programu ya kupanga orodha iitwayo TimSort iliandikwa mwaka 2002 kwa ajili ya lugha ya Python, kisha ikaingia katika Java na katika simu za Android. Ilitumika kwa miaka mingi, na watu wakairidhia. Mwaka 2015 Stijn de Gouw na wenzake walikaa kuithibitisha ile ya Java kwa msaada wa chombo kiitwacho KeY. Uthibitisho ukakwama mahali fulani. Walipochunguza kwa nini umekwama, wakakuta kigingi ambacho waandishi walidhani kinashika daima hakishiki daima, na wakatengeneza orodha inayoivunja programu. Kisha wakairekebisha na kuithibitisha iliyorekebishwa. Majaribio ya miaka yote ile hayakuwa yameligundua.

Muqaddima zatoka wapi?

Wako wataosoma hapa wakadhani ninasema mantiki inatosha. Haitoshi, na kisa kingine kitaonyesha. Kutafuta neno katika orodha iliyopangwa kwa kuigawa nusu kwa nusu ni algoriti ya mwaka wa kwanza. Jon Bentley aliieleza katika kitabu chake mashuhuri na akaitolea hoja ya usahihi. Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeiandika kwa ajili ya Java na ambaye aliwahi kusikiliza mihadhara ya Bentley, alieleza kwamba ina hitilafu, na ilikuwa imelala humo kwa takriban miaka 9. Ili kupata katikati, programu hujumlisha mwanzo na mwisho kisha hugawa kwa mbili. Orodha ikiwa na vitu zaidi ya bilioni moja, jumla hiyo inapita kiwango cha namba ambacho kompyuta imekitengea nafasi, ikageuka kuwa namba hasi. Hoja ilikuwa imechukulia kwamba namba hazina mwisho. Katika hesabu ni kweli, katika mashine si kweli.

Yaani natija ilifuata sawasawa kutoka katika muqaddima, ila muqaddima mojawapo haikuwa kweli mahali ilipotumika. Mantiki inalinda njia ya kutoka muqaddima hadi natija. Ukweli wa muqaddima lazima uutafute kwingine: katika kuitazama mashine, katika data, na kwa mirathi, katika nassi na fiqhi.

Mfano wa mwisho ni awli. Mwanamke amefariki akaacha mume na dada wawili wa baba na mama. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili, jumla ni 7/6, imezidi mali. Inasimuliwa kwamba suala hili lilimfikia Sayyidna Umar, akashauriana na Masahaba, likaamuliwa kila mmoja apunguziwe kwa uwiano: mume 3/7, dada 4/7. Ibn Abbas baadaye hakuikubali awli, akaona wapo warithi wa kutangulizwa na wapo wa kupunguziwa. Programu inaweza kuandikwa kwa rai ya kwanza ikawa haina mgongano ndani yake, na inaweza kuandikwa kwa rai ya pili ikawa hivyo hivyo. Jedwali la kweli na uongo halitakuambia ipi ufuate. Hilo ni la wanavyuoni, na mwandishi wa programu anatakiwa aseme wazi amefuata rai gani, asiifiche ndani ya msimbo kana kwamba kompyuta ndiyo iliyofutu.

Mjadala huu wa nguvu na mipaka ya mantiki si mgeni katika umma wetu. Imam al-Ghazali (aliyefariki 505 H, sawa na 1111) alikifungua kitabu chake cha usul, al-Mustasfa, kwa utangulizi wa mantiki, akaona asiyeijua elimu yake haiaminiki. Ibn al-Salah aliikataza. Ibn Taymiyya aliandika kitabu kizima kuwajibu watu wa mantiki. Al-Akhdari, katika utenzi wake wa al-Sullam wa mwaka 941 H unaosomeshwa mpaka leo, alizitaja rai zote hizo akaegemea kuijuzisha kwa mwenye akili timamu aliyeijua Kitabu na Sunna. Mimi naona mwanafunzi wa kompyuta afaidike na pande zote mbili: achukue kipimo kutoka kwa al-Ghazali, na achukue kutoka kwa wakosoaji ile tahadhari ya kutodhani kwamba kipimo kinazaa bidhaa.

Kuhusu programu za akili mnemba zinazotuandikia msimbo, sina mengi. Ninazitumia. Kile kipande cha kijana wetu chenye NA mahali pa AU ndicho hasa cha kujihadhari nacho humo: kimeandikwa kwa ufasaha, kinaendeshwa bila kugoma, na majaribio mawili ya haraka yanakikubali. Mwaka 1936 Alan Turing alithibitisha kwamba haiwezekani kuwepo algoriti moja inayoweza kuamua, kwa kila programu, kama itafika mwisho au itazunguka milele. Basi msisubiri ije programu ya kuzikagua programu zote. Atakayechora ile mistari minne kwa penseli ni wewe.

Zoezi

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mafungu yao ni 1/8, 2/3, 1/6 na 1/6, na kwa asili ya 24 yanafika 27. Suala hili huitwa Minbariyya, kwa kuwa inasimuliwa Sayyidna Ali (Radhi za Allah ziwe juu yake) aliulizwa akiwa juu ya minbari akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani 1/9.

Kwanza, andika programu inayogawa kila fungu kwa jumla ya mafungu pale tu jumla inapozidi moja, na uhakikishe inatoa 3/27 kwa mke. Pili, thibitisha kwa hoja, si kwa mifano, kwamba baada ya hatua hiyo jumla itakuwa moja kamili kila mara. Tatu, eleza nini kingeharibika kama ungegawa hivyo hata jumla inapopungua moja, ukikumbuka kwamba wengi wa wanaosema ziada irudishwe kwa wenye mafungu hawawarudishii mume na mke. Nne, orodhesha muqaddima zote ulizozitumia katika hoja yako, kisha uiendeshe programu bila kuingiza mrithi hata mmoja, uone ni ipi kati ya hizo iliyovunjika.